Kupika bia ya laga nyumbani ukiwa Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikulia Arua, katika nyumba ambayo shangazi yangu alipika kwete, pombe ya kienyeji ya mahindi na wimbi, karibu kila wiki. Sasa naishi Kampala, na ninapika laga kwa kutumia kopo la kimea. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na majirani, mashemeji na vijana wa mtaani kila wanapoona ndoo yangu ikitoa mapovu. Majibu hayalingani urefu kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito. Suala la joto limechukua nafasi kubwa kuliko mengine yote, maana hapo ndipo laga nyingi za nyumbani zinapoharibikia katika nchi yetu.

Ndani ya kopo kuna nini hasa?

Kuna shayiri iliyokwisha kufanyiwa kazi. Imeoteshwa, ikakaushwa, ikavunjwavunjwa na kulowekwa katika maji ya moto hadi wanga wake ukageuka sukari. Yale maji matamu yakachemshwa pamoja na hopsi, ambayo ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Mwisho maji mengi yakavukizwa, ikabaki rojo nzito kama asali, ya rangi ya kahawia.

Anayejua kwete atalielewa kopo upesi. Shangazi alilowesha wimbi, akalifunika kwa magunia mpaka likachipua, akalianika juani, akalisaga, kisha akalichanganya na unga wa mahindi uliokaangwa. Kazi hiyo yote ya kuotesha na kukausha, kiwandani wamekufanyia. Kopo la kawaida lina uzito wa kilo 1.7 na hutoa lita 23 za bia. Chini ya mfuniko wa plastiki kuna pakiti ndogo ya hamira na karatasi ya maelekezo. Vilivyobaki ni juu yako: maji, sukari au kimea cha unga, usafi, ubaridi na muda.

Laga inatofautianaje na bia nyingine?

Inatofautiana kwa hamira na kwa ubaridi. Bia za aina ya eli huchachushwa na hamira ileile ya ukoo wa hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, inayopenda nyuzi 18 hadi 22. Laga huchachushwa na Saccharomyces pastorianus, chotara aliyezoea baridi, ambaye hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 9 na 15 hivi na hutulia chini ya pipa anapomaliza. Mzazi mmoja wa chotara huyo, Saccharomyces eubayanus, alitambuliwa mwaka 2011 katika misitu ya Patagonia huko Amerika Kusini.

Jina lenyewe linatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuhifadhi ghalani. Wapishi wa Bavaria walizika mapipa yao katika mahandaki yenye barafu, na sheria ya mwaka 1553 iliwakataza kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa sababu bia ya majira ya joto ilikuwa ikiharibika. Huwa naikumbuka sheria hiyo kila Februari, jua la Kampala linapowaka. Sisi hatuna majira ya baridi ya kusubiri, kwa hiyo ubaridi ni lazima tuutengeneze. Hata Ulaya, laga haikuweza kupikwa mwaka mzima kila mahali mpaka mashine za kupozea, kama zile za Carl von Linde za miaka ya 1870, zilipoingia viwandani.

Kopo langu limeandikwa "Lager". Si hiyo tayari ni laga?

Huenda siyo. Natamani ningeambiwa hili kabla ya kopo langu la kwanza.

Makopo mengi yanayoitwa laga hubeba hamira ya eli chini ya mfuniko. Watengenezaji wanajua kwamba wanunuzi wengi hawana friji ya kuchachushia, hivyo huweka hamira inayovumilia joto la chumbani. Angalia karatasi ya maelekezo. Ikikwambia uchachushe kwenye nyuzi 21 hadi 27, tambua kuwa hamira hiyo haikukusudiwa kwa laga ya baridi. Utapata bia ya rangi ya dhahabu, nyepesi, inayonyweka, lakini ule usafi wa laga utaukosa.

Mara ya kwanza niliifuata karatasi neno kwa neno. Chumba kilikuwa na nyuzi 28 mchana, na kwa kuwa hamira nayo hutoa joto inapofanya kazi, ndani ya ndoo palikuwa na joto zaidi ya hapo. Siku nne baadaye ndoo ilinukia bogoya mbivu. Sisemi kwa mfano tu: kemikali inayoipa bogoya harufu yake ndiyo hiyohiyo hamira huitoa ikipata joto. Tuliinywa, ila mjomba aliweka bilauri chini, akasema kwa upole kwamba hii ni tonto, pombe ya ndizi, iliyovaa suti. Alikuwa amesema kweli.

Kopo lenyewe halina kosa. Nunua kando hamira ya laga iliyo kavu, mfano SafLager W-34/70 ya Fermentis au LalBrew Diamond, na ile ya chini ya mfuniko uiweke akiba. Pakiti moja ya gramu 11.5 haitoshi kwa lita 23 zinazochachuka kwenye nyuzi 12, tia mbili. Kwenye baridi hamira huzaliana polepole, hivyo anza na jeshi kubwa.

Ninakoishi kuna joto. Nitapataje nyuzi 12?

Kwanza jua unapoishi. Kampala, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, usiku hushuka hadi nyuzi 17 au 18 na mchana hupanda hadi 27 au 28, na hali hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Arua na Gulu huwa kali zaidi Januari na Februari. Kabale iko karibu na mita 2,000, usiku wake hufika nyuzi 10 hadi 12. Ndugu wa Kigezi, eneo hilo la Kabale, wana neema ambayo wengi hawaijui: chumba cha nyuma cha udongo, kisichopigwa na jua, kinaweza kukaa kwenye nyuzi 15 hadi 17 bila umeme wowote. Kama nina shemeji Kabale na ninataka laga, ndoo yangu ningeipeleka huko.

Kwa sisi wengine kuna njia tatu, na nimezijaribu zote.

Ya kwanza ni friji iliyotumika, au friza ya kulala, pamoja na kidhibiti joto. Kidhibiti ni kisanduku kidogo, kwa mfano Inkbird ITC-308. Friji unaichomeka kwenye kisanduku, na kisanduku unakichomeka ukutani. Waya wenye kihisi unaubandika ubavuni mwa ndoo na kuufunika kwa kitambaa kikavu au sponji, ili upime joto la bia badala ya joto la hewa. Friji itawashwa na kuzimwa yenyewe. Friji kuukuu zinapatikana kwa mafundi wanaozitengeneza, na ile ambayo mlango wake haufungi sawasawa unaweza kuibadilishia mpira tu. Pima ndoo kabla ya kulipa. Nimewahi kubeba friji kwa bodaboda mpaka nyumbani, kisha nikakuta ndoo inagonga kwenye kile kibonge cha mashine kilicho nyuma chini.

Ya pili ni beseni. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa lenye maji yanayofika nusu ya ndoo, ivishe fulana kuukuu ya pamba ambayo pindo lake linagusa maji, kisha iweke mahali penye upepo. Maji yanapopanda kwenye nguo na kukauka huondoka na joto. Ongeza ndani ya beseni chupa mbili za maji yaliyogandishwa, uzibadilishe asubuhi na jioni. Kwa njia hii nimekuwa nikipata nyuzi 18 hadi 20 Kampala. Nyuzi 12 huzipati kwa beseni, lakini W-34/70 huvumilia nyuzi 18 kuliko hamira nyingine nyingi za laga na hutoa bia safi ya kustahili. Zingatia sana siku tatu za mwanzo, maana harufu mbaya nyingi huzaliwa wakati hamira inapozaliana.

Ya tatu ni kukubali joto na kubadilisha hamira. Wakulima wa magharibi mwa Norway wana hamira yao ya jadi iitwayo kveik, ambayo huchachusha hata kwenye nyuzi 35 bila kuharibu ladha. Aina moja, Lutra ya Omega Yeast, haina manukato mengi ya matunda na hutoa bia inayokaribia laga kwa siku chache. Kwa jina si laga, na simfichi mtu jambo hilo. Lakini kwa mtu wa Arua au Gulu asiye na friji, naona ni bora mara kumi kuliko kulazimisha hamira ya baridi iteseke kwenye joto.

Umeme ukikatika je?

Usifungue friji. Lita 23 zilizopoa zina uzito wa kutosha kushikilia ubaridi, na mkato wa saa chache huongeza joto kidogo tu. Mimi huweka chupa za barafu kwenye friza muda wote. Mkato ukipita nusu siku, nazizungushia ndoo. Kinachoumiza hamira zaidi ni joto la kupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo nyuzi 15 zisizoyumba ni heri kuliko 11 leo na 19 kesho.

Ninahitaji vifaa gani, na nitavipata wapi?

Ndoo au pipa la plastiki la lita 30 la kuwekea chakula, lenye mfuniko unaobana. Kifaa cha kutolea hewa, yaani kile kibomba kinachowekwa maji ili gesi itoke na wadudu wasiingie. Mpira safi usiopungua mita moja na nusu wa kuhamishia bia. Haidromita (kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki), kipimajoto, mwiko mrefu wa plastiki, vizibo vya chuma na mashine ya mkono ya kuvifunga.

Ndoo na mipira hupatikana Kikuubo, eneo la biashara la Kampala, kwa bei nafuu kuliko madukani. Hopsi, hamira na makopo huja kutoka nje, na mara nyingi ni ndugu anayesafiri ndiye anayeleta. Angalia tarehe ya kopo. Kimea cha maji kilichokaa sana hugeuka cheusi na kuipa bia ladha ya kalamu ya wino. Hamira ikifika tu iweke kwenye friji, kwa kuwa safari ndani ya buti la gari lililopigwa na jua huua sehemu yake.

Kibomba cha kutolea hewa kisipopatikana, toboa mfuniko, pitisha mrija mwembamba uliobana, na ncha ya pili uitumbukize kwenye chupa ya maji. Kazi ni ileile.

Jerikani la njano linafaa?

Jipya, ndiyo. Lililobeba mafuta ya kupikia, hapana: harufu ya mafuta imeingia kwenye plastiki, na mafuta huua povu la bia. Lililobeba mafuta ya taa au petroli usilikaribishe kabisa. Shida nyingine ya jerikani ni mdomo mwembamba, kwani mkono hauingii kusugua ndani.

Maji ya bomba yana dawa. Nifanye nini?

Klorini ikikutana na kimea huzaa ladha ya plastiki na ya dawa ya hospitali, na ladha hiyo haitoki. Chemsha lita zote 23 jioni, funika, acha zipoe hadi kesho yake. Kuchemsha huondoa klorini na huua vijidudu kwa pamoja. Usishangae kipimajoto kikikataa kufika 100: Kampala maji huchemka karibu nyuzi 96 kwa sababu ya mwinuko, na Kabale karibu 93. Yanatosha. Kama una vidonge vya Campden, nusu kidonge kilichosagwa kinaondoa klorini ya ndoo nzima, na hutahitaji mkaa wote huo. Maji ya chemchemi na ya kisima ni lazima kuyachemsha hata kama yanaonekana meupe.

Usafi unatosha kwa sabuni?

Hautoshi. Kuna kuosha na kuna kuua vijidudu, na ni kazi mbili. Osha kwanza kwa sabuni isiyo na manukato na kitambaa laini. Usitumie sitili waya, maana hukwaruza plastiki na kwenye mikwaruzo ndipo bakteria hujificha. Halafu ndipo uue vijidudu.

Dawa nzuri ni Star San, mililita 1.5 kwa kila lita ya maji, dakika mbili, bila kusuuza. Ukiikosa, tumia Jik isiyo na manukato, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji, loweka robo saa, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Usiichanganye Jik na siki wala dawa nyingine yoyote, hutoa gesi ya sumu.

Kila kinachogusa bia baada ya kupoa lazima kipite hapo: mwiko, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, hata mkono wako. Shangazi hakuwa na Star San, lakini vyungu vyake alivifukiza moshi na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Niliudhani ni mwiko wa kimila tu. Baadaye nilielewa.

Siku ya kupika inakwendaje?

Ni kama saa mbili, ukiwa na maji yako tayari. Usiku uliotangulia gandisha lita 4 au 5 za maji yaliyochemshwa, ndani ya vyombo safi vyenye mfuniko. Barafu hii itakuokoa.

Weka kopo ndani ya maji ya moto dakika kumi ili kimea kilegee. Chemsha lita 3 za maji, epua sufuria kwenye sigiri, mimina kimea na sukari, koroga mpaka hakuna kilichoganda chini. Usiendelee kuchemsha kwa muda mrefu, maana hopsi ilishachemshwa kiwandani na utapoteza harufu yake. Mimina kwenye ndoo iliyotakaswa, ongeza barafu na maji baridi hadi alama ya 23. Mimina kutoka juu kwa kishindo au koroga kwa nguvu dakika tano, kwa sababu hamira inahitaji oksijeni mwanzoni. Ni saa hii pekee ambapo bia inaruhusiwa kuchafuliwa na hewa.

Chota kidogo, pima kwa haidromita, andika namba. Kwa kopo moja na kilo moja ya sukari utaona kitu karibu na 1.040. Kisha pima joto. Liko juu ya nyuzi 20? Funika, ingiza kwenye friji, subiri, hata kama ni mpaka asubuhi. Hamira ya laga uitie wakati mchanganyiko uko kwenye nyuzi 12 hadi 15. Tia, funika, ondoka.

Kwenye baridi povu linaweza kuchelewa siku moja au moja na nusu. Watu wengi hunipigia simu saa hizo wakidhani hamira imekufa.

Nitumie sukari gani?

Sukari ya dukani inachachuka vizuri, iwe ya Kakira, Lugazi au Kinyara. Tatizo ni kwamba inageuka kileo chote bila kuacha mwili, hivyo kilo nzima huifanya bia kuwa nyepesi mno. Mimi hutia nusu kilo ya sukari na nusu kilo ya kimea cha unga. Kukiwa na uwezo, kilo nzima ya kimea cha unga hutoa bia yenye povu la kudumu. Asali ya West Nile, nusu kilo badala ya sukari, inapendeza sana, ila huiongezea bia muda wa kukomaa. Sukari guru iache, ladha yake huimeza laga.

Hamira ya mkate?

Hapana. Italeta kileo, lakini itaelea, itaikoroga bia na kuipa ladha ya unga.

Nitajuaje imemaliza?

Mapovu yakikoma kwenye kibomba haina maana kwamba imemaliza, na yakiendelea haina maana kwamba bado. Uliza haidromita. Namba ikikaa palepale siku tatu mfululizo, kwa kawaida karibu na 1.008 au 1.010, imemaliza. Kileo unakipata kwa kutoa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo na kuzidisha kwa 131.25. Kwa mfano 1.042 kutoa 1.010 ni 0.032, na jibu ni asilimia 4.2.

Kwenye nyuzi 12 hatua hii huchukua siku 10 hadi 14. Inapokaribia mwisho, tuseme imebaki 1.015, zima friji na uiache bia ipande hadi 16 au 18 kwa siku tatu. Hamira ikishachangamka hurudi kula daiasetili, kitu chenye harufu ya siagi au samli ambacho yenyewe ilikiacha mwanzoni. Ukiruka hatua hii, samli itakuja kujitokeza chupani.

Inanuka mayai viza! Niimwage?

Usimwage. Hamira ya laga hutoa salfa, na friji yako itanuka wiki nzima. Harufu hiyo hutoka na gesi, na inayobaki huisha bia inapolala kwenye baridi. Harufu ya tufaa bichi nayo ni dalili ya bia changa, ipe muda. Za kuogopa ni mbili: uchachu mkali wa siki, na utando wenye nyuzinyuzi au manyoya juu ya bia. Hizo ni bakteria au ukungu, na chanzo ni usafi.

Nitie gesi vipi, na kwa nini chupa hupasuka?

Bia iliyomaliza kuchachuka unaipa sukari kidogo, unaifunga, na hamira iliyobaki inatengeneza gesi isiyo na pa kutokea. Kiasi ni gramu 7 kwa lita. Kwenye ndoo ya lita 23 utapata kama lita 21 safi, zilizobaki ni mashapo, kwa hiyo gramu 150 zinatosha. Zichemshe katika kikombe na nusu cha maji, mimina kwenye ndoo ya pili iliyotakaswa, kisha hamishia bia humo kwa mpira, taratibu, bila kurusha mapovu. Sasa oksijeni ni adui: huipa bia ladha ya karatasi iliyolowa.

Chupa za nusu lita za kahawia zinafaa, kwa kuwa ni nzito na huzuia mwanga unaoharibu hopsi. Lipa rehani yake kwa muuzaji, kagua mdomo wa kila moja, na yenye ufa itupe. Utahitaji kama 42.

Chupa hupasuka kwa sababu mbili: bia ilifungwa kabla haijamaliza, au sukari ilizidi. Miaka ile nikiwa bado Arua nilifunga mapema kwa sababu wageni wa harusi walikuwa wanakuja. Saa nane usiku chupa tatu zilipasuka kabatini, na kipande kimoja cha kioo kilikuwa kimejichoma kwenye mlango wa mbao kwenye kimo cha uso wa mtoto. Watoto walikuwa wamelala. Tangu siku hiyo sifungi bila kupima siku tatu, na chupa zangu hukaa ndani ya kreti iliyofunikwa gunia zito. Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda. Uibonyeze kila siku: ikishakuwa ngumu kama jiwe, gesi imefika.

Kwa jumla nisubiri muda gani?

Wiki mbili za kuchachuka, siku tatu za kupashwa, wiki mbili za kutengeneza gesi chupani kwenye joto la chumba, kisha wiki nne hadi sita kwenye nyuzi 1 hadi 4. Ni miezi miwili hadi miwili na nusu hivi. Kwa kawaida ndoo nzima ndiyo hulazwa baridi kabla ya chupa, lakini wengi tuna friji moja tu. Nimeona kufunga kwanza na kulaza chupa kumi kumi hufanya kazi vizuri. Fungua moja kila wiki, uonje. Utaona mwenyewe jinsi ukali unavyoondoka na bia inavyong'aa.

Itafanana na Bell au Nile Special?

Itafanana kwa rangi tu. Viwanda vya Luzira na Jinja huchuja bia na kuipasha joto, na vina udhibiti ambao sisi hatuna. Yako itakuwa na mashapo kidogo chini, mwili zaidi, na harufu ya kimea iliyo wazi zaidi. Mimina polepole, acha kidole kimoja cha mwisho chupani.

Na mtama wetu?

Inawezekana. Eagle Lager iliingia sokoni Uganda mwaka 2002 ikitengenezwa kwa mtama mweupe aina ya Epuripur, kwa hiyo nafaka yetu imeshajithibitisha kwenye laga. Ila mtama unataka kuoteshwa na kupikwa kwa joto linalopimwa, na huo ni upishi wa nafaka kamili, siyo wa kopo. Jifunze kwanza kutawala joto na usafi kwa makopo matatu au manne.

Kuna hatari ya methanoli, kama ya waragi?

Bia iliyochachuka tu haina methanoli ya kudhuru. Mwaka 2010 watu wengi walikufa upande wa Kabale kwa pombe kali iliyochanganywa na methanoli, na hofu ya watu ina msingi. Lakini hilo ni jambo la pombe ya kukenekwa na ya kuchanganywa na kemikali. Usijaribu kukeneka bia yako nyumbani.

Majirani wanataka kununua. Niuze?

Ukiuza unaingia kwenye leseni ya pombe, ushuru wa mamlaka ya mapato (URA) na viwango vya shirika la viwango (UNBS). Bila hivyo, wape kama wageni wako, watu wazima tu wa miaka 18 na kuendelea, na mwenye pikipiki alale.

Mashapo ya hamira yaliyobaki chini ya ndoo niyatupe?

Usiyatupe. Siku ya kuhamisha bia, chota yale meupe mazito, kikombe kimoja na nusu, tia kwenye chupa ya kioo iliyotakaswa, funika bila kukaza na uweke kwenye friji. Ndani ya wiki mbili yatachachusha ndoo nyingine bila kununua pakiti mbili mpya. Ninatumia hivyo mara tatu au nne kabla ya kufungua pakiti nyingine. Yakibadilika rangi au kunuka nyama, yapeleke kwenye shamba la migomba.